Kiti cha Mbele ni cha Mama

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni kwa nini niombe radhi. Nauza pembejeo hapa Kihanga, Karagwe: mbegu, dawa za kunyunyizia kahawa na nyanya, dawa ya kuogeshea ng'ombe, mabomba ya mgongoni. Ukifanya biashara hii bila kushuku utamuuzia mtu unga wa muhogo ukidhani ni sumu ya wadudu, na shamba likishaliwa hatamtafuta aliyekuletea mzigo, atakutafuta wewe. Kwa hiyo kila pakiti naigeuza, nasoma mgongoni, nanusa, natikisa. Mume wangu husema ipo siku kanisani nitaigeuza hostia nitafute tarehe ya kuisha muda.

Gari nalo nililigeuza. Lilitoka Japani likiwa limetumika, kama karibu kila gari dogo linalopita huku na vumbi lake. Jeupe, la milango mitano, ndani linanukia kama duka la nguo mpya. Dalali alipolileta nililizunguka, nikainua kapeti kuangalia kama liliwahi kuzama kwenye maji, nikapiga tairi teke, nikauliza kwa nini mwenye nalo wa kwanza aliliacha likiwa zima. Dalali akacheka. Akasema Wajapani ndivyo walivyo, gari likikaa kidogo wanalichoka. Jibu hilo halikuniingia akilini hata kidogo, lakini mume wangu alikuwa ameshakaa nyuma ya usukani na uso umemng'aa, na mwanamume akishang'aa uso namna ile ushauri wako unakuwa kelele.

Halafu dalali akatuonyesha stika. Ilikuwa ya njano, imebandikwa kwenye dashibodi upande wa abiria, na maandishi ya Kijapani yaliyosimama kama miti ya uzio. Akasema hiyo ndiyo alama kwamba gari limetoka kwao moja kwa moja, halijapitia mikononi mwa Mswahili, hata stika haijabanduliwa. Mume wangu akaipenda kuliko redio. Kila alipoosha gari aliifuta kwa kitambaa kikavu, polepole, isichubuke.

Sasa nieleze jambo la kiti, maana bila hilo mtu hataelewa kwa nini nyumba yetu ilitaka kuvunjika kwa ajili ya gari ambalo lilikuwa halijamgonga hata kuku. Huku kwetu, Karagwe na Kyerwa yote, mkubwa hakai nyuma. Mkienda harusini, msibani au hospitali, mwenye heshima kuliko wote ndiye anayefunguliwa mlango wa mbele. Waliobaki, hata muwe na vyeo gani, mnabanana nyuma na vikapu vyenu.

Mama mkwe wangu anaishi Kibingo, kwenye boma la ng'ombe alilolijenga na marehemu mume wake walipokuja wakiwa vijana kutoka upande wa Rwanda. Maisha yake yote ametembea kwa miguu nyuma ya ng'ombe. Siku mwanawe alipomfungulia mlango wa mbele kwa mara ya kwanza, alisimama kwanza, akajifunga upya kitenge chake, akawatazama majirani waliokuwa wanatazama, ndipo akaingia. Akaiona stika. Akapitisha kidole juu yake, akauliza inasemaje. Mume wangu hajui Kijapani hata cha kuombea maji, lakini hakutaka mama yake akose jibu siku ile. Akamwambia inasema Karibu.

Basi mama akaichukua habari hiyo akaisambaza Kibingo nzima. Gari la mwanangu lina maandishi ya kunikaribisha. Hata padri aliambiwa. Kila mwezi tulipomfuata kumpeleka hospitali, upande wa Kayanga, kwa ajili ya presha na macho yake, aliigusa stika ile kwanza kabla ya kufunga mkanda, na mimi niliyekuwa nyuma nikiwa na magoti mdomoni nilicheka kimoyomoyo.

Mambo yakaharibika kwa simu. Mdogo wangu yuko Australia, analea wazee kwenye nyumba ya wazee huko. Hupiga Jumapili, tunaongea ya mvua, ya ndizi, nani kafa, nani kaoa. Jumapili hiyo akaniambia kwa kawaida tu, kama anayetaja bei ya nyanya: "Dada, gari yangu imeitwa."

Nikamuuliza imeitwa na nani. Huku ukisikia mtu kaitwa, ujue kaitwa kwa mtendaji wa kijiji, au polisi, au kwa mchungaji kuna maneno. Nikadhani amegonga mtu ananificha. Akacheka mpaka akakohoa. Akanieleza kwamba ni kampuni iliyolitengeneza ndiyo inaliita lirudi gereji yao, wabadilishe kitu kibovu, bure.

Neno bure ndilo lililofanya machale yanicheze. Nikamwambia mdogo wangu, hao wanataka kuliiba hilo gari. Akasema hapana, dada, huku ni kawaida. Kuna mfuko wa hewa umefichwa mbele ya abiria, ukigonga kitu unafumuka ukuzuie usipige uso. Nyuma ya mfuko kuna mkebe wa chuma wenye dawa kama baruti. Dawa hiyo kwa magari ya miaka fulani inaharibika, inakula joto na unyevunyevu, na siku ukigonga, hata kugonga kidogo, mkebe wenyewe unapasuka na vipande vya chuma vinamrukia aliyekaa pale. Mfuko uliowekwa umwokoe ndio unaommaliza.

Nikauliza wamejuaje kwamba gari hilo liko kwake. Akashangaa swali langu. Akasema walimwandikia barua, hakwenda, wakaandika tena, wakamtumia ujumbe kwenye simu, mwisho wakamwambia asipolipeleka, serikali itaondoa usajili na hataliweka barabarani. Akasema kazini kwao kuna mama mmoja wa Kijapani, yeye alimwambia kwamba Japani gari lililoitwa likakaidi halipiti ukaguzi. Na Marekani walianza na majimbo yenye joto na mvua, maana huko ndiko mikebe ilikozeeka upesi.

"Na Tanzania?" nikauliza.

Mdogo wangu akaacha kucheka. "Huko sijui, dada. Nani anajua gari lenu liko wapi?"

Nilikata simu nikatoka nje kulitazama. Lilikuwa la kampuni ileile, na ukiliweka na la mdogo wangu kwenye picha ni pacha. Nikakumbuka lile jibu la dalali kwamba Wajapani wanachoka. Kumbe hawachoki. Gari linakataliwa ukaguzi kwao, kulitengeneza ni usumbufu, basi linapakiwa melini liende kwa watu ambao hakuna atakayewaita. Hivyo ndivyo nilivyowaza.

Kesho yake nikaanza kuchunguza. Mdogo wangu alinielekeza kwenye ukurasa wa mtandao ambako unaingiza namba ya chasisi wanakuambia kama gari limeitwa. Nikaiandika kwenye karatasi ya mbegu, nikaingiza, ikakataa. Inasema namba ni fupi. Nikaingiza tena, ikakataa. Hapo nikashuku hata namba yenyewe, nikamwambia mume wangu huenda tumeuziwa gari la wizi lenye namba ya kuchonga. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba magari yaliyotengenezwa yauzwe Japani kwenyewe yana namba fupi kuliko yale ya kuuzwa nje, na kurasa za huko ughaibuni hazitaki hata kuziona. Gari letu likawa halina kwao. Australia halitambuliki kwa sababu ni la Japani, na Japani nilidhani halimo tena kwa sababu liko Kihanga.

Nikapata namba ya wakala anayeuza magari mapya ya aina hiyo Dar es Salaam. Alipokea binti mmoja mpole sana, hata nilipopandisha sauti yeye hakupandisha. Akanieleza kwamba hapa nchini nako magari huitwa, wanatangaza, wanawapigia wateja, wanabadilisha bure. Ila ni yale waliyoyauza wao. Nikamuuliza na haya mengine yaliyojaa barabarani je?

"Hilo si gari letu, mama," akasema. "Hilo liliingia lenyewe."

Lenyewe! Kana kwamba lilivua viatu likaogelea. Akaniomba niwasiliane na aliyetuuzia. Dalali nilipompigia akasema yuko kikaoni, nikapiga tena akasema yuko msibani, na tangu hapo namba yake haipatikani. Mtu mwenye msiba mrefu namna ile nampa pole.

Fundi wetu wa Omurushaka ndiye aliyekuwa na jibu jepesi. Akasema anachomoa nyaya, anadanganya taa ya dashibodi isilalamike, kwisha habari. Nikamuuliza kama amewahi kuufungua mfuko wa namna hiyo hata mmoja. Akasema hajafungua, ila ameona kwenye simu. Nikamuuliza ukimlipukia usoni? Akacheka, akainama kwenye tairi la mteja mwingine. Mimi niliona macho yake yanavyoikagua dashibodi yetu, nikashuku anataka kuung'oa akauuze kwa mwingine. Nikamwambia asante, acha kama ilivyo.

Mume wangu alikuwa amenivumilia mpaka hapo. Alianza kuchoka pale nilipohamia kiti cha nyuma hata tukiwa wawili tu. Tulipopita sokoni watu wakamwita dereva wa teksi, na jirani mmoja akaja dukani kunipa pole ya ndoa. Akasema mimi nimezoea dawa feki mpaka naona kila kitu feki. Akasema huko Marekani si umesema wameanza na sehemu za joto? Karagwe asubuhi tunavaa makoti. Mkebe wetu utaharibikaje na baridi hii? Nikamwambia gari limeona joto la bandarini Dar, na hata hapa likishinda juani ukishika usukani unaungua. Akasema basi, mimi ni mtaalamu.

Ndipo nikamwambia neno nililokuwa nalo tangu Jumapili ile: mama asikae tena mbele.

Aliweka kikombe chini. "Mama yangu amekukosea nini?"

Swali hilo halikutoka hewani. Mimi ni wa Chonyonyo, binti wa migomba na kahawa, Mnyambo. Mama mkwe alikuwa amemtafutia mwanawe binti wa wafugaji, na miaka yote hii hajaacha kuniangalia kama mtu aliyeingia dirishani. Amenisema kwamba sijui kushika kibuyu cha maziwa, na kweli sijui. Mimi nami nimemsema, nisijitakase. Kwa hiyo mume wangu aliposikia nataka kumtoa mama yake kwenye kiti cha heshima nimweke nyuma na vikapu, aliona ugomvi wa zamani umevaa nguo mpya. Nilimwapia. Hakuniamini, na mimi mwenyewe ningekuwa yeye nisingeamini.

Siku ya kliniki ikafika na hatujapatana. Nikaamua kutumia akili. Asubuhi nikauweka mkungu wa ndizi kwenye kiti cha mbele, nikaufunga mkanda, na nyuma nikajaza magunia ya mbegu niliyosema naenda kumpelekea mteja, nikaacha nafasi za watu wawili tu. Tulipofika Kibingo mama akatoka amevaa vizuri, ananukia mafuta ya samli, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wake. Akaukuta mkungu umekaa umenyooka umefunga mkanda.

Akautazama sana. Halafu akamuuliza mwanawe, kwa sauti ya kawaida kabisa, tangu lini ndizi zikawa na umri kuliko yeye. Vijana wa boma wakacheka wakageukia ng'ombe. Mume wangu akaufungua ule mkungu bila kunitazama, akaupeleka nyuma, akauweka mapajani mwangu.

Njia nzima nilikuwa nyuma ya mama nikiitazama ile dashibodi. Sijawahi kuona barabara ya Kyerwa ina vitu vingi kiasi kile. Ng'ombe, mbuzi, bodaboda iliyobeba ndizi mpaka dereva haonekani, watoto wa shule, kona. Ndama mmoja aliruka mbele yetu, mume wangu akakanyaga breki, na mimi nikamshika mama begani kwa mikono miwili nikamvuta nyuma. Ulikuwa ni woga tu. Yeye akaitoa mikono yangu begani mmoja mmoja kama anayetoa majani ya pori.

Tuliporudi jioni kumrudisha, alileta maziwa. Akampa mwanawe, akampa jirani aliyekuwa amekuja kusalimia, na mimi akaniletea maji ya kunywa kwenye kikombe cha plastiki. Kwa wafugaji huna haja ya kuuliza hiyo ina maana gani. Niliyanywa yote, nikashukuru, nikaenda kulia kwenye gari. Nililia kwa hasira. Nilikuwa nataka kumlinda mwanamke asiyenipenda, na kila nilivyomlinda alizidi kuwa na sababu ya kutonipenda.

Nikampigia mdogo wangu nikamwambia mimi nimeshindwa, wanaona nina roho mbaya. Akaniambia nipige picha za gari lote, namba ya chasisi, dashibodi, kila kitu, amwombe yule mama wa Kijapani wa kazini kwao aitafute namba kwenye ukurasa wa Japani wenyewe, kwa lugha yao. Nikapiga. Nikatuma. Nikakaa dukani nikijifanya napanga pakiti.

Jibu lilikuja mchana, na mume wangu alikuwepo, amekuja kuchukua dawa ya kupe. Niliweka simu kwenye spika kwa makusudi, asije akasema nimetunga. Mdogo wangu alisema namba imepatikana huko Japani. Gari limeitwa, mkebe wa upande wa abiria, na haijaandikwa kokote kwamba lilipelekwa likatengenezwa. Mume wangu akafungua mdomo aseme kitu. Lakini mdogo wangu alikuwa hajamaliza.

Akasema yule mama, alipofika kwenye picha ya dashibodi, aliivuta ikawa kubwa, akaitazama, akamuuliza ni nani anayekaa pale. Kwa sababu stika ile ya njano si pambo. Iliwekwa na gereji ya huko, wakati walipokosa kifaa kipya cha kubadilisha. Akamsomea.

"Imeandikwa," mdogo wangu akasema, "tafadhali usikae kwenye kiti hiki mpaka kifaa kibadilishwe."

Dukani kulikuwa na mteja, naye akasahau alichokuja kununua. Mimi nilitaka kufurahi. Miezi nimeonekana kichaa na mwenye roho mbaya, sasa haya. Lakini nilimwona mume wangu anavyoitazama ile simu, nikajua anasikia sauti yake mwenyewe ikimwambia mama yake Karibu. Akatoka nje. Nilipomfuata nilimkuta amekaa kwenye gari, kwenye kiti chake, mikono mapajani, anaiangalia stika ambayo ameifuta kwa kitambaa kikavu tangu tulipolinunua. Sikumwambia "nilikuambia". Ulimi uliniwasha, lakini sikumwambia.

Tukakubaliana kwamba mbele hakai mtu. Gari tungelipeleka wapi? Dar si letu, Japani ni mbali, fundi wa Omurushaka simwamini. Kuliuza hatukuweza kukubaliana, maana atakayelinunua naye ana mama. Na kliniki ya mwezi uliofuata ilikuwa imefika, dawa za mama zimekwisha, na mgongo wake hauwezi bodaboda.

Njiani kwenda Kibingo nilimuuliza mume wangu atamwambiaje. Akasema mimi ndiye ninayezijua hizo habari, nimwambie mimi. Nikamwona mwoga, nikamwambia hivyo, na hakukataa.

Mama alitoka kama kawaida, akaja kwenye mlango wa mbele. Nilishuka mbio nikasimama kati yake na mlango. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku anatazama juu ya bega langu. Nikamwambia mama, naomba leo ukae nyuma.

"Mukamwana," akasema, na neno hilo, ambalo maana yake ni mke wa mwanangu, aliwahi kuniita mara chache sana. "Mimi nikae nyuma, mbele akae nani?"

"Hakai mtu, mama."

"Kwa hiyo kiti kitupu kinanizidi mimi."

Majirani walikuwa wameshaacha walichokuwa wanafanya. Nikaacha Kiswahili, ambacho yeye hakimfiki vizuri, nikamweleza kwa Kinyambo, yote, tangu gari la mdogo wangu lilipoitwa. Nikamweleza mkebe, baruti, vipande vya chuma. Alisikiliza bila kunikatiza, na mimi nilikuwa nangoja aniambie kwamba nimetunga.

"Waliokuwa nalo huko kwao walijua?" akauliza.

"Walijua, mama."

"Wakaandika."

"Waliandika. Pale kwenye ile stika. Wameandika mtu asikae."

Akamgeukia mwanawe. Alimtazama, na mwanamume mzima mwenye mvi zake akainamisha kichwa akasema kwamba alidhani tu, mama, hakujua. Niliona ile Karibu yote ikimtoka mama usoni, Kibingo nzima aliyoiambia, padri, majirani waliosimama pale. Nilimwonea huruma kwa mara ya kwanza bila kujilazimisha. Nikafungua mlango wa nyuma, nikamsubiri.

Hakuingia. Alizunguka gari kwa mbele, polepole, akishika boneti, mpaka upande wa dereva. Akainama kwenye dirisha. Akanyoosha kidole akagusa katikati ya usukani, pale palipotuna.

"Na hapa kuna nini?"

Mume wangu akasema kuna mfuko pia, mama. Kila gari la namna hii lina miwili.

"Na huu umeitwa?"

Nilimtazama mume wangu, naye akanitazama mimi. Barua aliyoandikiwa mdogo wangu ilisema upande wa abiria. Ukurasa wa Japani ulisema upande wa abiria. Stika ilibandikwa upande wa abiria. Tulikuwa tumegombana miezi kwa ajili ya kiti kimoja, na mtu ambaye hajakosa kukaa kwenye gari lile hata siku moja alikuwa ni huyu aliyeshika ufunguo. Nikasema sijui, mama. Sikujua, na sikujua nani Tanzania hii ningemuuliza.

Nikadhani mama atakataa kwenda. Mwisho akafungua mwenyewe mlango wa nyuma, ule ulio nyuma ya dereva, akaingia, akajifunga kitenge miguuni. Mimi nikakaa kando yake. Kiti cha mbele kikabaki kitupu.

Tulipotoka kwenye njia ya boma na kushika barabara, alisogea mbele, akapitisha mkono wake juu ya bega la mwanawe, akaweka kiganja kifuani mwake, katikati yake na usukani, kama unavyomshika mtoto mwenye kikohozi. Mume wangu hataki kuguswa akiwa anaendesha. Mimi nikimgusa bega tu, huwaka. Siku hiyo alipunguza mwendo, na tukaenda hivyo, mkono wa mama ukiwa pale pale, mpaka hospitali.